Shangazi na Filamu Iliyokosewa

Mtaani walimwita Mama Giza, naye aliitika bila kinyongo. Angefanyaje, ikiwa dirisha la bafu lake alikuwa amelizibia kwa blanketi ili asafishie humo picha zake nyeusi na nyeupe, na mumewe, fundi cherehani, kila akitaka kuoga anaambiwa asubiri?

Siku hiyo alikuwa ametoka kumpiga picha shangazi yake. Jamani, shangazi huyo! Picha zake zote alizichana, akidai kwamba yule si yeye, ni mtu mwingine aliyevaa nguo zake. Kumshawishi ilikuwa kazi pevu. Mwishowe alikubali, ila kwa sharti: "Mara moja tu, mwanangu. Ukiniharibu, usije kunisumbua tena."

Jiko la shangazi halikuwa na mwanga wa kutosha, kwa hiyo Mama Giza alichagua filamu ya haraka, ile inayoridhika na mwanga mdogo, akaipanga kamera ipasavyo. Aliimaliza yote huku shangazi akimenya vitunguu na kumsengenya jirani. Mambo yalikwenda murua.

Nyumbani akaizungusha filamu irudi kwenye mkebe wake, akafungua kamera. Lahaula! Ndani mlikuwa na filamu ya polepole, ya kupigia juani. Mazoea yake ya kurudisha filamu kwenye kiboksi chochote kilicho karibu yalikuwa yamemtokea puani.

"Nimekwisha," alimwambia mumewe, karibu kulia. "Picha zimekosa mwanga. Shangazi hatanipa nafasi nyingine."

"Mimi suruali ikiwa fupi nafumua pindo," alisema fundi. "Wewe huna pindo la kufumua?"

Pindo alilokuwa nalo lilikuwa muda. Filamu yenye njaa ya mwanga huachwa ndani ya dawa zaidi ya kawaida. Itatoka na chengachenga, lakini itatoka. Akajifungia bafuni, akaiviringisha kwa kupapasa, akaitia kwenye kopo, akamimina dawa na kutikisa taratibu.

"Mke wangu, taulo nimeshavaa!" fundi aligonga mlango.

"Livae hadi kesho!"

Picha zilitoka. Vivuli vyeusi tii, ngozi imejaa chengachenga, kila kunyanzi limekolea. Kesho yake alimpelekea shangazi iliyo bora, akaanza kuomba radhi kabla hata ya kuketi. Shangazi aliishika kwa mikono miwili, tayari kuichana.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

"Ni wewe, shangazi."

"Najua ni mimi! Kumbe nimefanana naye hivi? Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua."

"Ningejulia wapi? Mama hakupigwa picha hata siku moja. Sura yake ilikuwa imeanza kunitoka kichwani." Machozi yalimtiririka, naye anacheka. Akayafuta kwa kiganja, akavuta kiti mpaka mahali pale pale pa jana, akaketi.

"Nipige nyingine," alisema, "na ukosee vilevile."