Gololi Katika Chupa ya Dawa

Kosa nitakaloeleza hapa ni dhana mbaya, na aliyelitenda ni mimi. Juzi nilifungua chupa ya siki jikoni, na ule ukali wake ukanirudisha katika chumba cha giza cha studio ya baba, mjini Arua, nikiwa na umri wa miaka tisa.

Baba alisafisha picha nyeusi na nyeupe kwa dawa mbili. Moja ilikuwa unga wa kopo kutoka Kampala. Nyingine ilichanganywa na mjane wa Koboko, aliyejifunza ufundi huo kwa marehemu mumewe. Kila mwezi alituletea chupa moja, na studio yetu ndiyo pekee iliyosalia kununua kwake. Baba alisema dawa ya kopo huugeuza uso mweusi kuwa shimo, ilhali ya Koboko huonyesha hata kivuli cha kope.

Lakini ndani ya chupa ya mjane daima mlikuwa na gololi. Shangazi yangu wa Aroi hakulipenda jambo hilo.

"Candiru, dawa gani iko na mawe kwa tumbo? Mutu muzima hapana cheza gololi. Hii iko ya kufunga baba yako!"

Neno dawa, wasomaji wangu, lina mifuko mingi. Mimi nilitia mkono katika ule mbaya. Siku moja mjane alileta chupa mpya, baba akiwa Omugo kupiga picha za arusi. Alipoondoka tu, nilizitoa gololi zote kumi na mbili, nikazitia mfukoni mwa gauni, nikajiona mwokozi wa ukoo. Kila alasiri niliifungua chupa tena, nione kama uchawi umetoka.

Picha zikaanza kutoka hafifu. "Filamu hapana mujomba," baba alizoea kusema, haimpendelei mtu. Akakata filamu moja vipande viwili, kila kipande katika dawa yake, kwa dakika zilezile. Cha Kampala kilitoka imara. Cha Koboko kilikuwa kama moshi.

Mjane alipokuja na chupa nyingine, vipande vilikuwa bado vinaning'inia wayani.

"Mama, wewe nachanganya na maji ya mufereji?"

"Baba Candiru, hata mufereji iko na aibu kuliko hii," mjane akasema, akikitazama kile kipande cha moshi.

"Basi leo iko mwisho."

Mjane akaichukua chupa ya zamani. Alimimina dawa ya zamani kidogo katika kifuniko: ilikuwa na rangi ya chai. Akaitikisa chupa, akasikiliza. Hakuna kilichogonga ndani. Nikarudi nyuma hatua moja, na gololi, ambazo sikuthubutu kuziacha popote, zikagongana mfukoni mwangu. Akanitazama. Nilingoja anitaje.

"Hewa naharibu dawa," akasema polepole. "Gololi napandisha dawa mpaka shingo, hewa nakosa pahali. Mimi nalisahau kuweka. Pima tena na hii mupya."

Baba akapima. Kipande cha Koboko kilionyesha kila mkunjo wa koti jeusi la bwana arusi mmoja, na mjane hakupoteza mteja wake.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hewa iliyoiharibu dawa ile niliiingiza mwenyewe, kila nilipoifungua kuutafuta ubaya wake. Ilinichukua mingi zaidi kuelewa alichokiweka rehani mama yule, jina la ufundi wake, ili mtoto mwenye hatia asichapwe. Nyumbani tulimwita Mjane wa Dawa, kana kwamba hakuzaliwa na jina. Aliitwa Zenab Farajala.