Kundi la Milimani

Severini wa Matombo anastaafu mpira mwaka huu, na kama yupo mtu Uluguru nzima aliyeonewa na mpira, ni yeye. Ana miaka thelathini na sita, goti la kulia limevimba, na kitu kimoja alichokililia tangu ujana hajakipata: kucheza fainali ya ligi pale uwanja wa mjini. Aliapa hatauingia kama mtazamaji.

Ubaya ni kundi. Ligi yao ina makundi manne, kila kundi linatoa timu moja. Timu zote nne za milimani zimerundikwa pamoja, na hakuna kibonde hata mmoja. Watu wanaopanda mlima na mikungu ya ndizi watachokaje dakika ya tisini? Basi zinaumizana zenyewe, na Matombo imekuwa ya pili mara saba. Huku timu moja ya mjini, ambayo Severini aliifunga mabao matatu peke yake kwenye mechi ya kirafiki ya Pasaka, inatesa vibonde wenzake na kupita kiulaini.

Mwalimu Joseph, mpenzi wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kugongana, alijaribu kumfariji.

“Hata Marekani yapo, kaka. Kuna mwaka kundi moja timu zote nne zilishinda mechi nyingi kuliko zilizofungwa. Mwaka mwingine, timu iliyofungwa zaidi ya kushinda iliongoza kundi lake bovu, ikasonga mbele.”

“Wakabadilisha?”

“Wapi!”

Faraja gani hiyo, jamani?

Msimu huu Matombo ilishinda mechi tano kati ya sita, ikawa ya pili kwa tofauti ya bao moja. Severini akashuka mjini akichechemea, hadi kwa katibu wa ligi, mzee Alois.

“Shikamoo, mzee. Nani alitufungia kundi moja sisi wa milimani?”

“Marahaba.” Mzee alifungua faili, akamgeuzia karatasi ya miaka kumi na minne iliyopita. Timu za milimani zinaomba zicheze zenyewe kwa zenyewe, maana barabara ni mbovu na mvua ikinyesha lori linakwama. Chini, sahihi ya nahodha wa Matombo.

Severini aliitambua: sahihi yake mwenyewe, enzi za unahodha wake. Siku ile wenzake walimpigia makofi.

“Andika nyingine,” mzee alisema kwa upole. “Msimu ujao tutapanga kwa kura.”

Aliandika, ingawa msimu ujao haumhusu.

Siku ya fainali aliuingia uwanja ule na mkungu wa ndizi mbivu begani, kuuza. Kipa wa timu ya mjini, yule yule aliyemfunga mabao matatu, alimwona, akakimbilia uzioni akicheka.

“Mkali wangu! Nipe mbili.”

Severini alimchagulia zilizoiva vizuri. Filimbi ikalia, kipa akarudi golini, naye akabaki nje ya uzio, mtu mzima, analia mbele za watu.