Mwenyekiti wa Jembe

Cornelius alilinda mlango wa jengo la ofisi West Bay, lakini Wakenya wenzake wa kaunti ya Bungoma waliokuwa hapa Doha walimwita Mwenyekiti. Nyumbani aliwahi kuwa mwenyekiti wa Chama cha Jembe katika wadi yao, enzi chama hicho kilipokuwa kimeishika kaunti nzima, kuanzia gavana kwenda chini. Kisha kikabwagwa na Chama cha Taa. Watu wa Taa wakawazuia wateja wasiende dukani kwake hadi akafunga. Ndipo akaja Qatar, akiapa kwamba uchaguzi ujao atarudi kukiinua chama chake.

Uchaguzi ulipokaribia, aliomba likizo. Msimamizi akakataa: kulikuwa na mkutano mkubwa, hakuna mlinzi wa kuondoka. Kura ya rais angeipiga hukuhuku Doha, lakini ya gavana na ya wadi zilikuwa nyumbani tu.

Ijumaa moja, Cornelius akitoka misa kanisani Mesaimeer, mkewe Miriam alimpigia simu.

"Baba Olivia, nimepata tiketi ya chama. Nawania uwakilishi wa wadi."

Cornelius alicheka kwa furaha. "Kumbe Jembe bado wana akili!"

"Si Jembe. Ni Taa."

"Taa? Hao hao waliotufungia duka?"

"Wewe uko huko, mimi ndiye ninayeishi nao. Jembe imebaki ofisi yenye kufuli. Hata gavana wako wa zamani amehamia Taa, na juzi alihutubia sokoni akiwa na kofia yao."

Hilo hakuwa ameambiwa na mtu. Alisimama juani, watu wakimpita na watoto wao.

"Basi nitaacha kazi nije tuzungumze," akasema.

"Usije." Sauti yake ilishuka. "Wakikuona watasema nimetumwa na Jembe. Na kwenye kundi la WhatsApp la wadi, tafadhali, usiandike kitu. Unisaidie hivyo tu."

Akamsaidia hivyo. Wenzake walipomuuliza Mwenyekiti anasemaje, alidai ana kazi nyingi.

Matokeo yalipotangazwa alikuwa zamuni. Alijificha kwenye ngazi za dharura akafungua video aliyotumiwa na binti yao, Olivia. Miriam alikuwa amebebwa juujuu, anacheka, mtandio umemwanguka. Cornelius alijikuta anatabasamu peke yake. Kisha akawaona waliombeba: aliwatambua kwa sura, mmoja baada ya mwingine, walewale waliowazuia wateja wa duka lake. Jembe haikupata hata wadi moja.

Alipiga simu.

"Hongera, Mama Olivia."

"Asante! Hapa kuna kelele, sikusikii vizuri. Nitakupigia!"

Hakupiga siku hiyo. Dominiko, Mganda waliyelinda naye mlango, alimshika mkono. "Sasa wewe ni mume wa mheshimiwa! Unarudi lini?"

Wiki iliyofuata msimamizi alileta mkataba mpya wa miaka miwili, na Cornelius akausaini akiwa amesimama palepale mlangoni, bila kuusoma.