Makala Ambayo Mama Koma Hakuyaandika

Jaridani walimwita Mama Koma, na jina hilo alishalizoea. Kwa miaka kumi na tisa alihariri maandishi ya wasomi katika chumba kimoja cha chuo, chenye dirisha lisilofungika na rafu tatu za matoleo ya zamani. Kazi yake ilikuwa kunyoosha sentensi na kuhakikisha kwamba kila kitabu kilichotajwa kwenye orodha ya marejeo kipo kweli. Hiyo ya pili ndiyo ilimpandisha presha.

Yalibaki makala ya mwandishi mmoja tu toleo liende kwa mchapaji. Mwandishi alikuwa mhadhiri wa historia, na aliandika kuhusu shule za zamani za ushonaji. Mama Koma akashuka na orodha, kalamu mkononi, mpaka namba ishirini na saba. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Lilikuwa jina lake. Jina lake kamili, na kichwa cha makala, na jina la jarida hilihili, na mwaka, na kurasa: 112 hadi 130.

Akaenda kwenye rafu. Toleo la mwaka huo alilihariri yeye mwenyewe. Lilikuwa na kurasa themanini na nane.

Akampigia simu mhadhiri.

"Daktari, hiyo namba ishirini na saba umeisoma?"

"Nimeisoma, mama. Makala mazuri sana."

"Yanasemaje?"

Mhadhiri akakohoa. "Kusema kweli, marejeo nilitafutiwa na akili mnemba ya kwenye kompyuta. Muda ulinibana. Lakini hoja si iko sawa?"

"Iko sawa kwa ushahidi gani? Mimi kifungo chenyewe kinanishinda kushona, niandike kurasa kumi na tisa za ushonaji?"

Akaenda kwa profesa, mhariri mkuu, aliyekuwa na haraka zake.

"Ifute hiyo moja, tuendelee," profesa akasema. "Mtathmini ameshayapitisha."

Mama Koma akaomba aione ripoti ya mtathmini, msomi aliyepewa makala ayapime kabla hayajachapwa. Aya ya tatu ilimsifu mwandishi kwa kutumia vizuri "utafiti wa kina" wa Mama Koma. Basi na huyu hakusoma. Bila shaka mswada aliokabidhiwa kwa siri kautumbukiza kwenye mashine, akaletewa ripoti.

"Kwa hiyo mashine imetafuta, mashine imesifu, na mimi niweke muhuri?"

Profesa akashusha pumzi. "Unataka nini, dada yangu?"

"Toleo lisubiri."

Kesho yake mhadhiri akaja, mpole kama aliyenyeshewa. Mama Koma alikuwa amejiandaa kumkaripia, lakini mhadhiri akamtangulia kusema.

"Mama yangu mzazi alifundisha katika mojawapo ya shule hizo. Nina daftari zake sita. Niliona aibu kuzitaja, nikataka vitabu vya kuzipa uzito."

Hapo ndipo Mama Koma alipochemka hasa. "Una maandishi ya mwalimu mwenyewe, umeyafungia kabatini, ukaniletea vitabu hewa? Zilete hizo daftari!"

Wakakaa maktaba siku tatu. Kati ya marejeo arobaini na moja, kumi na manne yalikuwa hewa. Kila lilipofutwa moja, aya iliyolitegemea iliporomoka nalo, na mhadhiri akalazimika kuiandika upya kutoka kwenye daftari: mahudhurio, michoro ya mikono ya magauni, malalamiko kuhusu sindano zilizokatika. Mwishoni akaongeza maelezo kwamba akili mnemba ilimsaidia kutafuta marejeo na kunyoosha lugha, na kwamba kila rejeo lililobaki amelifungua mwenyewe. Mtathmini wa kwanza akaondolewa kwenye orodha ya watathmini. Wa pili akauliza maswali kumi na moja, mengine ya kuudhi, lakini yote ya mtu aliyesoma.

Toleo likatoka limechelewa wiki sita. Profesa alinuna, kisha akamwagiza Mama Koma aandike kanuni za ukurasa mmoja kwa waandishi na watathmini.

Akiwa katikati ya kanuni hizo, simu ikalia. Alikuwa mama yake mhadhiri, bibi wa miaka themanini na mbili, sauti kavu.

"Wewe ndiye mhariri? Mmeandika darasa langu lilikuwa na wanafunzi thelathini. Walikuwa thelathini na mmoja. Mmoja alihamia Februari."

"Bibi, tumehakiki mara tatu!"

"Fungua daftari ya nne."

Mama Koma akafungua nakala ya daftari ya nne. Mwanafunzi wa thelathini na mmoja alikuwepo, chini kabisa, kwa wino mwingine. Akaguna, akaomba radhi, akavuta karatasi na kuanza kuandika sahihisho.