Mpiga Gitaa na Kiti cha Sita

Mpiga gitaa wa klabu yetu ya waimbaji, hapa Granada, tulimbandika jina la Kuku Atagaye, kwa sababu kabla ya kugusa hata uzi mmoja alizunguka ukumbini akijaribu viti, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikaa, akaegemeza gitaa pajani, akanyoosha mgongo, kisha akanyanyuka tena. Kiti chenye mikono kilimbana kiwiko. Kirefu kilimning'iniza miguu.

Jumapili ile mchana, Bibi Angustias alikuwa aimbe kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe koo. Alikuwa akikunja leso na kuikunjua. Mpiga gitaa alikuwa amefika kiti cha tano.

"Ungekuwa kuku kweli, tungeshakula vifaranga!" alipaza sauti Eufrasio, mwenye baa.

"Kutoka hapa siwezi kuliona koo la bibi," mpiga gitaa alijibu bila kugeuka.

Bibi Angustias huinamisha kichwa aimbapo, koo lake lisionekane ila kutoka chini. Mwishowe mpiga gitaa alivuta kigoda kifupi mno kwa mgongo wake mbovu, akakaa karibu na magoti ya bibi, akamtazama koo kutoka chini.

"Pumua utakavyo, Mama. Nitakungoja."

Katikati ya ubeti wa pili, pumzi ilimwishia bibi. Mpiga gitaa alikwisha kuliona hilo kooni mwake, na vidole vyake vilikuwa tayari. Vilirudia sauti zilezile, taratibu, mpaka bibi akainua kifua na kuumaliza ubeti. Ukumbi ulishangilia bila kujua kwamba bibi alikuwa amengojewa.

Mpiga gitaa aliinuka akishika kiuno, akavirudisha viti vyote vitano, kila kimoja kwenye meza yake.