Stoimen, Usiguse

Tsona alikuwa na sheria moja nyumbani, kali kuliko zote: tishu ya jikoni haifi mara moja.

Ukishakaushia zabibu, hiyo haijachafuka, imelowa tu. Inaanikwa kwenye hita. Ikikauka, inafuta meza. Ikishafuta meza inakunjwa, inapandishwa juu ya kabati kwenye rundo la wastaafu wenzake, inasubiri siku ya kukaanga ije kunywa mafuta. Ikishakunywa mafuta inapangusa kikaango. Hapo ndipo inaruhusiwa kwenda kwenye pipa la taka, tena kwa shingo upande.

"Mke wangu, tishu zako zinastaafu zimechoka kuliko mimi," mumewe Stoimen alikuwa akimtania.

"Ila hazilalamiki kama wewe."

Sasa Tsona ana mwaka na miezi minne tangu azikwe. Stoimen ana miaka sabini na mbili, fundi wa lifti mstaafu, yuko peke yake ghorofa ya sita mjini Asenovgrad, na sheria ya tishu anaifuata kama askari kuruta. Kichekesho ni kwamba Tsona alipokuwa hai, yeye Stoimen hakuwahi kuifuata hata siku moja. Alikuwa anachana tatu mpya kufuta tone moja la kahawa, makusudi kabisa, ili asikie kelele kutoka chumbani: "Nimezisikia hizo! Tatu! Stoimen, unaogesha ng'ombe?"

Siku hizi anachana moja, tena nusu. Wala hakuna anayesikiliza.

Zamani rola la tishu lilikuwa linakwisha kwa wiki. Sasa linakaa miezi miwili. Mtu mmoja hamwagi vitu sana. Hakuna wa kumpiga kikumbo mbele ya sinki, hakuna wa kuangusha kijiko akicheka. Tishu moja imefungiwa saladi ndani ya friji. Nyingine iko katikati ya sahani mbili zisikwaruzane, ingawa ile sahani ya chini haijatoka kabatini tangu msiba. Nyingine ameiviringisha, akailaza chini ya kioo cha dirisha iwe inakunywa ule unyevu wa asubuhi za baridi. Yote hayo yalikuwa ya Tsona. Yeye anayarudia tu, kama mtu aliyeachiwa maua ya jirani ayamwagilie na jirani hajasema atarudi lini.

Lililomkosesha raha mwezi huo wa tatu lilikuwa mbegu.

Nyanya za Tsona zilikuwa za rangi ya waridi, kubwa kama ngumi mbili, sura mbaya, zimepasuka mabega, na ganda lake jembamba kiasi kwamba hata mfukoni hazifiki salama. Tamu sasa! Mbegu alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na wake. Kila mwezi wa tatu zinapandwa kwenye makopo ya mtindi dirishani, mwezi wa tano miche inahamia kwenye kashamba kao nje ya mji. Mwaka jana Stoimen hakupanda kitu. Hata geti la shamba lilimshinda kufungua. Mwaka huu akajiapiza: nisipopanda sasa mbegu zitazeeka, halafu habari yote hii itaishia kwangu. Akaosha makopo kumi na moja ya mtindi, akayajaza udongo, akayapanga dirishani. Kisha ndiyo akaanza kuzitafuta mbegu zenyewe.

Hazikuwapo.

Alitafuta kwenye bahasha, kwenye makopo ya kahawa, kwenye boksi la nyuzi, kwenye mfuko wa koti la baridi la Tsona, ambako alikuta pipi moja ikabidi akae chini kidogo. Ndoa ya miaka arobaini na sita, na hajawahi kutazama mbegu zinakokwenda. Yeye kazi yake ilikuwa kula nyanya na kusema chumvi imepungua.

"Mbegu ziko mahali pake," Tsona alimwambia hospitalini. Mahali pake! Ahsante sana.

Jumapili simu ya video ikalia. Ilikuwa Ralitsa, mjukuu wao, anayeishi na mama yake mjini Valencia, kule Uhispania. Miaka kumi na tisa, mdomo hauna breki.

"Babu! Leo ni siku ya mekitsa. Uliahidi."

"Nimeshakanda unga. Ila utazilaje kwenye simu?"

"Nitaangalia tu. Nina njaa ya macho."

Akaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, akaanza kuuvuta unga vipande bapa na kuvitumbukiza kwenye mafuta.

"Babu, naona dari."

"Dari ni zuri kuliko mimi."

"Hapo hatubishani."

Mvuke wa mafuta ukaingia kwenye miwani, akaivua. Andazi la kwanza likaiva na sahani ilikuwa tupu, haina kitu cha kunywa mafuta. Mkono ukaenda kwenye rola jipya. Ukasita. Sheria ni sheria. Akaupeleka juu ya kabati, akapapasa, akachomoa tishu ya chini kabisa kwenye rundo, iliyokunjwa mara mbili, imekakamaa kama biskuti, ina madoadoa. Mstaafu halisi huyo. Akaikunjua akaitandika sahanini, akaweka mekitsa moja, mbili, tatu, nne, za moto, zinachuruzika.

Akainua moja kuionyesha simu.

"Ehee! Umeweka na ufuta?"

"Ufuta gani?"

"Hapo kwa chini. Babu umeshakuwa mpishi wa hoteli, siku hizi unapamba!"

Stoimen akaligeuza andazi. Akatafuta miwani, akaifuta kwa shati. Chini ya andazi zilikuwa zimenata mbegu ndogo, bapa, rangi ya nyasi kavu. Akaondoa na yale mengine, moja moja, polepole. Tishu ilikuwa imejaa mbegu, zimepangwa kwa mistari, kila moja imejishikiza kwenye karatasi, zinaogelea kwenye mafuta ya moto. Na kwenye kona, kwa kalamu ya bluu, ulikuwa mwandiko wa Tsona ulioinamia kushoto:

ZA WARIDI, ZA MAMA. STOIMEN, USIGUSE.

"Babu? Mbona umeganda? Ni wewe au ni mtandao?"

"Mtandao," Stoimen akasema, akakata simu.

Akazima jiko. Akachukua sahani na tishu yake vilevile, akashuka kwa ngazi hadi ghorofa ya nne, kwa Velika. Huyu alikuwa rafiki wa Tsona, mwalimu wa hesabu mstaafu, mwanamke ambaye hata salamu anaitoa kama anasahihisha daftari.

"Umeleta maandazi au umeleta msiba? Uso gani huo?"

Akamwonyesha. Velika akavaa miwani, akasoma.

"Umezikaanga."

"Nimezikaanga."

"Na kaandika usiguse."

"Nimeona, Velika."

"Kwa jina lako kabisa."

"Velika!"

"Sasa niseme nini? Jengo zima hili linakaushia mbegu za nyanya kwenye tishu. Panda juu ya kabati lolote humu utazikuta. Wewe ulidhani zinawekwa benki?"

"Wewe huna zake? Hata chache?"

"Mimi nalima pilipili, jirani. Nyanya nilikuwa naletewa. Alikuwa ananigongea mlango kwa kiwiko, mikono imejaa." Velika akaivuta sahani karibu na dirisha, akainama. "Ngoja. Hapa kwenye kona mafuta hayajafika. Si aliacha nafasi ya kukukaripia? Kuna mbegu tano zimekaa pembeni ya maandishi. Usizibandue, utazivunja. Kata kona yote, iloanishe, ifunge ndani ya tishu mpya, tia kwenye mfuko wa nailoni, weka mahali penye joto."

"Kwenye hita?"

"Uzikaange mara ya pili?"

Alipokuwa anatoka, Velika akamshika mkono. Stoimen alikuwa amevaa uzi mwekundu na mweupe wa mwezi wa tatu, ule ambao kwao watu wote hufungana mkononi siku ya kwanza ya mwezi huo, kutakiana heri. Kufungana, si kujifunga. Wa kwake ulikuwa na fundo kama tumbo la panya.

"Nani kakufunga hivi?"

"Meno yangu."

Velika akaufungua uzi akaufunga upya, vizuri, bila kutia neno. Hilo ndilo lililomtisha Stoimen. Matusi yake angeyaweza.

Mahali penye joto palikuwa juu ya ruta ya intaneti, kisanduku kinachofukuta siku nzima kwa ajili ya simu moja ya Jumapili. Akakiweka kifurushi hapo juu. Asubuhi anakifungua, anavaa miwani, anakifunga.

Alikuwa na mpango. Mbegu zikichipua atazihamisha, halafu ile kona yenye maandishi ataiweka kwenye fremu, nyuma ya kioo, pamoja na picha ya harusi. Daftari la mapishi la Tsona, binti yao Galina, mama yake Ralitsa, alikwenda nalo Valencia. Vikaratasi vya sokoni Stoimen alivitupa mwenyewe wiki ya msiba, alipokuwa anatupa kila kitu. Mwandiko wa Tsona uliobaki katika nyumba nzima ulikuwa huo, maneno sita, na moja lilikuwa jina lake.

Ralitsa alipoambiwa ukweli alituma vikatuni kumi vya kulia, kisha akaanza kuuliza kila siku kwa maandishi: "Daktari, wagonjwa wanaendeleaje?"

Stoimen alikuwa anajibu kwa kidole kimoja: "Wote watano hali zao ni zilezile."

Siku ya sita: "Mmoja ananuka."

Siku ya nane hakujibu. Nne zilikuwa zimelainika, zimeota ukungu wa kijivu. Alizitoa kwa kijiti cha meno, akazifunga kwenye kipande cha tishu kwa adabu zote, na kwa mara ya kwanza akaona aibu kutupa kitu cha ukubwa ule.

Siku ya tisa mbegu ya tano ikachipua.

Kamzizi keupe, karefu kama ukucha, kana vinyweleo. Stoimen alicheka kwa sauti jikoni, akageuka kumwambia mtu. Akasimama hivyo kidogo. Kisha akageuka tena, akaangalia vizuri.

Mzizi haukwenda pembeni. Ulikuwa umetoboa karatasi ya Tsona katikati ya jina STOIMEN, ukatokea upande wa pili, ukapinda, ukarudi kwenye USIGUSE. Vinyweleo vyake vilikuwa vimeshika karatasi kama mtoto anavyoshika nywele za mama. Alijaribu kuuinua kwa kijiti cha meno. Mzizi ukatanuka, ukawa mwembamba sana mahali fulani. Akaacha haraka.

Akapiga picha ya maandishi kwa simu, mara moja, hakuitazama, akamtumia Ralitsa. Akatengeneza kahawa, akaketi mbele ya kile kipande cha karatasi, hakuinywa. Akiukata mzizi, mwandiko anao. Akiupanda, mwandiko unaingia kwenye udongo, na udongo haurudishi tishu. Nje lifti ilipanda. Miaka thelathini na nne aliyofanya kazi hiyo, anajua kwa sikio imesimama wapi. Ilisimama ya nne. Ikasimama ya tano. Ya sita haikufika.

Mchana jua likagusa meza, na kichwa cha mche, ambacho bado kilikuwa kimevaa ganda la mbegu kama kofia, kikaanza kuinamia dirisha. Hakikuwa kinamsubiri aamue.

"Umesema nisiguse," Stoimen akamwambia Tsona, "sasa nifanye nini?"

Akachukua mkasi wa kucha. Akakata kuzunguka mzizi, na kilichobaki pembeni kilikuwa WARIDI na kipande cha MAMA, ambavyo navyo vilikuwa vimelowa, wino umekuwa wingu la bluu. Akatoboa udongo kwa kidole, akaushusha mche na jina lake na karipio lake, akafukia. Akatia maji kijiko kimoja.

Jumapili Ralitsa akapiga.

"Babu, ile picha uliyotuma ni kidole gumba tu. Nyuma yake naona 'STO'. Hebu nionyeshe mwandiko wenyewe."

Stoimen akaielekeza simu dirishani. Makopo kumi ya udongo mtupu, na moja lenye majani mawili membamba.

"Uko humo."

"Humo wapi? Umeuzika?"

"Mzizi ulipita kwenye jina langu. Ningeukata?"

Ralitsa hakutania. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kisha akasema, "Babu, mwezi wa nane nikija..." na mtandao ukaganda. Safari hii kweli. Akabaki kwenye kioo, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Stoimen alimngoja, simu mkononi, mpaka kioo kikawa cheusi akajiona mwenyewe.

Hakupiga tena. Hakutaka kusikia kwamba labda Ralitsa alikuwa anasema hatakuja.

Akachana tishu kwenye rola jipya, nusu. Ile nusu akaikata mara mbili. Kwenye kipande kimoja akaandika kwa kalamu, kwa mwandiko wake mbaya wa fundi, karatasi inachanika chini ya ncha: YA WARIDI, YA MAMA YAKE TSONA. Akafikiri. Akaongeza: STOIMEN, USIGUSE. Nyumbani humo hakukuwa na mwingine wa kukatazwa.

Akakifunga kwenye kopo kwa raba. Kipande kilichobaki akafutia tone la maji lililokuwa dirishani, akakianika kwenye hita.