Majani ya Milimani Ndani ya Jaruba

Kwetu Umatengo kulaza majani ni kazi ya wanaume. Naanzia hapo, maana nikianzia pengine mtaniona mjinga kuliko nilivyokuwa, na kiasi cha ujinga nilikuwa nacho kweli.

Huko milimani Mbinga tunalima ngolo. Mwanaume anafyeka majani, halafu anayalaza kwenye mteremko kwa mistari inayokatizana, yanatokea kama vyumba vya wavu. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila chumba, na udongo anaurusha juu ya majani mpaka yasionekane. Mkimaliza, mlima mzima una mashimo, na kuta za mashimo zina majani tumboni. Mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni, udongo hauteremki na mto, na yale majani yanaoza polepole yakiwalisha maharage na mahindi. Nimechimba mashimo hayo tangu mpini wa jembe ukiwa mrefu kunizidi. Shule niliishia darasa la pili, lakini kwa ngolo mtu asinifundishe. Ndivyo nilivyojiona.

Nikaolewa chini, huku mwambao wa Nyasa. Mume wangu alikuwa mvuvi na Mwanglikana, mimi Mkatoliki, na wazee walibishana wiki nzima tufungie ndoa kanisa gani, mpaka yeye akasema atakwenda popote penye chakula baada ya ibada. Mungu amlaze pema. Sikuweza kuipenda harufu ya usipa, dagaa wa ziwa letu, ukianikwa, na nilimficha hilo miaka yote. Sasa sijui kwa nini nalisema hapa. Nilitaka kusema kwamba alipokufa aliniachia jaruba moja la mpunga kwenye mfereji wa kijiji, na jaruba hilo ndilo linalonilisha.

Mfereji una kamati, na kamati ina sheria. Maji ni kwa zamu. Jaruba likishindwa misimu miwili mfululizo, linakwenda kwa mwingine, kwa sababu wanaosubiri ni wengi. Sheria ni nzuri ikiwa inamhusu jirani.

Jaruba langu lilikuwa limechoka. Mpunga ulikuwa unatoka mfupi, umekonda, kama watoto waliotoka kuumwa surua. Nikajiuliza: mbona kule kwetu shamba la ngolo linalimwa miaka na miaka na halichoki? Ni kwa sababu linakula majani. Basi na hili nitalilisha majani. Nikafyeka majani kando ya mfereji, mabichi, mazito, yanatiririka maji, nikayafukia siku hiyo hiyo. Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya maji, nikafungulia. Nikavuruga tope, nikapandikiza miche. Nilijisifu mbele ya wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye jaruba lake limepakana na langu.

Baada ya siku chache miche ikageuka njano. Ukikanyaga tope, mapovu yanapanda na harufu ya yai viza inakupiga puani.

Wifi akaja, akaziba pua na kanga. "Wifi, umezika nini humu? Mbuzi wa nani?"

"Nimezika majani. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Kwenu mnalima juu ya paa la dunia, maji yenu yanapita. Ya kwetu yanakaa." Akang'oa mche mmoja, akausuuza mferejini, akanionyesha mizizi. Ilikuwa myeusi kama masizi. "Mizizi ya mpunga ikiwa mizima ni myeupe. Huu wako unakunywa maji ya mzoga. Fungua tuta yatoke, acha tope lianze kupasuka nywele nywele, ndipo uyarudishe."

Nikafanya hivyo. Miche iliyokuwa hai ikapona, lakini ilikuwa michache na imechelewa. Nilichovuna msimu ule kuku wangeweza kukimaliza bila kusaidiwa. Msimu mmoja ukawa umekwenda. Ulikuwa umebaki mmoja wa kunilinda au kuninyang'anya.

Mtu mwingine angeacha mambo ya majani. Mimi nilishindwa kulala kwa swali moja tu: kwa nini majani yale yale yanalisha kule na yanaua huku? Wifi amesema ni maji kukaa, sawa, lakini nikahisi kuna kitu kingine ambacho sikijui. Nikapanda gari mpaka Mbinga kwa kaka yangu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kuuliza habari za majani."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikamweleza yote, na nilipofika pale pa kufyeka na kufukia siku moja, akacheka mpaka akaanza kukohoa.

"Mabichi? Mdogo wangu, nani alikuambia tunafukia mabichi? Tunafyeka, tunayaacha juani kwanza. Nyinyi wanawake mnakuja siku ya kufunika, mnakuta yameshalazwa, mnadhani yalikatwa asubuhi."

Miaka yote ile nilijua nusu ya kazi, na nusu hiyo niliiita kazi nzima.

"Mnayaacha siku ngapi?"

"Nani anahesabu siku? Unachukua jani mkononi, unakunja. Likivunjika limeiva. Likijikunja tu, bado."

Kabla sijaondoka akanifungia mbegu za marejea kwenye kitambaa. Marejea tunaijua, ni mmea wa maua ya njano, wa jamii ya maharage, unapandwa shamba likipumzishwa. "Hii," akasema, "usiikaushe. Ikitoa maua, ikate na uifukie mbichi."

"Kaka! Sasa hivi umesema bichi linaharibu!"

"Majani ni majani, marejea ni marejea."

"Kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Baba alifanya hivyo." Akaondoka kwenda kuchuma kahawa. Njia nzima nikiteremka nilikuwa nauma swali hilo. Baadaye nilikata shina la marejea na la majani, nikayatia kwenye kopo moja la maji. Marejea ililainika kama mboga, majani yakabaki na ukakasi wake. Labda jani gumu linataka kulishwa kwanza lenyewe ndipo lilishe wengine. Sina hakika.

Mavuno yalipokwisha, unyevu ukiwa bado umo ardhini, nikaligawa jaruba mafungu matatu kwa vituta vidogo. Wifi ndiye aliyenishauri: usiweke tumaini lote mahali pamoja. Fungu la kwanza nikapanda marejea. La pili la majani makavu. La tatu sikutia kitu, nipate kulinganisha. Majani nilifyeka mwenyewe, nikayageuza juani, nikayajaribu mkononi kila asubuhi. Wifi akipita anasema, "Shikamoo baba! Siku hizi umekuwa mwanaume?" Namjibu, "Marahaba mwanangu, chota maji ya kunawa."

Majani yalipovunjika nikayafukia kwenye udongo mkavu, na marejea nikaifukia ilipochanua. Hapo ndipo shida ilipokuja. Zamu yangu ya maji ilifika majani yakiwa na siku chache tu ardhini. Nikachimbua kidogo, nikakuta bado yana nguvu. Nikamwomba wifi tubadilishane zamu, achukue yangu ya mapema, mimi nichukue yake ya mwisho. Alikubali, ila alisema, "Wakilichukua jaruba la kaka yangu, nitakuja kulala kwako na nitakula kila siku."

Majaruba yote yakawa yanang'aa maji na miche, langu kavu kama uwanja wa kanisa. Maneno yakaenda kwa mwenyekiti wa kamati kwamba mjane ameshindwa. Akaja na wenzake wawili.

"Mama, tunaambiwa umelitelekeza."

"Sijalitelekeza. Nasubiri majani yaoze."

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema, bila ukali, "Tutarudi mpunga ukibeba mimba. Tutakachokikuta ndicho tutakachoandika."

Nilifungulia maji zamu ya mwisho, nikiwa na hofu ya kweli. Kila siku nilinusa tope. Mapovu yalitokea machache upande wa majani, nikatoa maji siku mbili kama wifi alivyonifundisha, nikayarudisha.

Waliporudi walikuja na bwana shamba. Fungu la marejea mpunga ulikuwa wa kijani cha kukolea, umeshonana, ingawa pembeni ulizidi urefu ukaanza kulala, na hilo sikulificha. Fungu la majani makavu lilikuwa zuri, limesimama. Fungu la tatu lilikuwa lile lile la kila mwaka, wagonjwa wa surua.

Bwana shamba akatoa daftari. "Bibi, majani uliyaacha juani siku ngapi?"

"Mpaka yalipovunjika mkononi."

"Siku ngapi lakini?"

"Kama mawingu yangekuwepo, zingekuwa nyingi zaidi. Andika hivyo."

Akafikiri kidogo, kisha akaandika. Mwenyekiti alivua viatu, akakunja suruali, akaingia mwenyewe. Aling'oa shina moja upande wa majani, akalisuuza, akainua mizizi wenzake waione. Ilikuwa myeupe.

"Jaruba ni lake," akasema. "Tuendelee na mengine." Halafu akageukia lile fungu la tatu. "Na hapa, mama, msimu ujao utatia nini? Marejea?"

"Hapo nataka kujaribu pumba za mpunga. Zimejaa kule mashineni, watu wanazichoma tu."

"Na zikikataa?"

"Zikikataa, mwenyekiti, si utakuwa msimu mmoja tu?"

Wifi alikaa juu ya tuta kwa kucheka. Mwenyekiti alitaka kukasirika, akashindwa, akaanza kutafuta viatu vyake kwenye nyasi.